Osiloskopu na Umeme wa Nyumbani: Ushauri kwa Mafundi wa Kasongo na Kabambare

Fundi wa redio, wa televisheni au wa inveta ambaye, baada ya miaka mingi ya kufanya kazi kwa mita ya tarakimu na kwa kukisia, amejaliwa kuipata osiloskopu yake ya kwanza, ana haki ya kufurahi, kwa maana chombo hiki humwonyesha kwa macho kile ambacho mita humsimulia kwa tarakimu moja tu: jinsi volti zinavyopanda, zinavyoshuka, zinavyokatika na zinavyochafuka katika sehemu ndogo mno za sekunde. Asili yake ni bomba la kioo alilolitengeneza Karl Ferdinand Braun mjini Strasbourg mwaka 1897, na kwa muda mrefu bei yake ilikuwa ni bei ya vyuo vikuu na viwanda vikubwa. Leo osiloskopu ndogo za Rigol, za Hantek na za wengineo zinauzwa kwa fedha ambayo fundi mwenye wateja wa kutosha anaweza kuikusanya. Hilo ni jambo la heri. Lakini pamoja na heri hiyo imekuja hatari ambayo vitabu vya maelezo, vinavyofungwa sandukuni pamoja na chombo, huitaja kwa mistari michache, na mistari hiyo yenyewe imeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye nyumba yake ina soketi yenye waya wa ardhi uliofika ardhini kweli. Makala haya yamekusudiwa mtu mwingine: fundi wa Kasongo, wa Kabambare na wa vijiji vilivyo kati ya miji hiyo miwili, ambaye aghalabu umeme wake hutoka katika jenereta iliyowekwa nyuma ya nyumba, au katika betri iliyojazwa na jua.

Kwanza ifahamike osiloskopu inapima nini. Probu, yaani ule waya wa kupimia, ina viungo viwili: ncha inayogusa mahali panapochunguzwa, na kibanio kidogo kinachoning'inia ubavuni mwake. Wengi hudhani kwamba viungo hivi ni sawa na ncha mbili za mita, nyekundu na nyeusi, ambazo mtu huziweka popote apendapo bila kudhuru kitu. Na dhana hiyo ndiyo mama wa ajali nyingi za mezani. Kibanio kimeungwa na gamba la chuma la tundu la probu, gamba limeungwa na fremu ya chombo, na fremu imeungwa na mguu wa ardhi wa plagi yake. Osiloskopu, basi, ni mfano wa kamba ya kupimia ambayo ncha yake moja imepigiliwa msumari ardhini: ile ncha nyingine waweza kuipeleka utakako, lakini hii haina hiari. Asiyeamini na achomoe plagi ya osiloskopu yake ukutani, ashike mita, aiweke kwenye kipimo cha omu, aguse kibanio kwa ncha moja na mguu wa ardhi wa plagi kwa ncha nyingine. Atasoma sifuri au karibu na sifuri. Fauka ya hayo, aguse kibanio cha probu ya kwanza na kibanio cha probu ya pili, naye atakuta kwamba hivyo viwili ni kitu kimoja, hata kama chombo kina milango minne ya kupimia na vibanio vinne vyenye rangi mbalimbali.

Katika nyumba iliyojengewa ardhi kwa kaida, yule anayekiweka kibanio juu ya waya wa moto, ambao mafundi wetu huuita faze, huadhibiwa papo hapo na kwa kelele: mkondo mkubwa hupita katika waya mwembamba wa probu kwenda ardhini, cheche huruka, fyuzi hukatika, na pengine kibanio huyeyuka na mlango wa osiloskopu huungua. Anayekiweka juu ya nyutro huenda asione kitu kwa mara ya kwanza, akajiona hodari, mpaka siku atakapoichomeka plagi ya kifaa chake kinyume. Na plagi za miguu miwili ya duara tunazozitumia Kongo huingia soketini kwa upande wowote, hivyo kilichokuwa nyutro jana kinaweza kuwa faze leo bila alama yoyote ya nje. Aliyepotoka zaidi ni yule ambaye, akifungua televisheni au chaja, anatafuta mahali anapopaita ardhi ndani ya saketi yenyewe. Umeme ukiisha kupita katika daraja la daiodi nne na kuijaza kapasita kubwa kwa volti zipatazo 310, upande hasi wa kapasita hiyo, ambao mtu aliyezoea redio za betri huupachika jina la ardhi, si ardhi hata chembe: kwa nusu ya kila mzunguko umefungamana na waya wa moto kupitia daiodi moja, na kwa nusu ya pili umefungamana na nyutro kupitia daiodi nyingine. Kibanio kikiwekwa hapo, daiodi hupasuka, na mara nyingi hufuatana na transista iliyo mbele yake, na kifaa kilicholetwa kwa ugonjwa mmoja hurudi kwa mwenyewe na magonjwa matatu.

Hayo ndiyo yaandikwayo vitabuni, na ni kweli. Ila kwetu mambo ni mengine, na ubaya wake umejificha zaidi. Umeme wa Inga, ambako mabwawa mawili yalianza kazi mwaka 1972 na mwaka 1982, ulipewa njia ndefu ya kilometa zipatazo 1,700 hadi Kolwezi ili uhudumie migodi ya Katanga, na njia hiyo, kwa kuwa imejengwa kwa umeme wa mkondo mmoja wa volti za juu mno, haiangushi hata taa moja kwa vijiji inavyovipita, seuze kwa mkoa wetu wa Maniema ulio mbali nayo. Matokeo yake ni kwamba katika Kasongo na Kabambare kila nyumba yenye taa ni kama kiwanda kidogo cha umeme chenyewe, na kila kiwanda kina ardhi yake, au hakina kabisa. Fundi wa Ulaya huonywa kwa maneno makali asiukate mguu wa ardhi wa plagi ya osiloskopu ili apate kupima atakavyo. Onyo hilo ni la haki, lakini fundi wa kwetu amekuta mguu huo umekwisha kukatwa kabla hajazaliwa, kwa kuwa soketi anayoitumia haina waya wa tatu.

Mtu aulize: kama hakuna ardhi, hatari imetoka wapi? Imetoka katika ukimya. Katika nyumba ya namna hii kibanio kikigusa waya wa moto hakuna mlio, hakuna fyuzi iliyokatika, wala picha haiharibiki. Bali picha huwa nzuri, fundi akafurahi, na wakati huohuo fremu yote ya osiloskopu, pamoja na magamba ya milango yake, tundu la waya wa kompyuta na kila skrubu ya chuma, imekuwa waya wa moto. Jenereta ndogo nyingi za petroli hazikuunganisha hata mmoja wa waya zake mbili na fremu ya mashine, na kwa ajili hiyo mtu aliyegusa waya mmoja peke yake pengine hasikii lolote, akahukumu kwamba umeme wa jenereta hauna sumu. Hukumu hiyo hudumu mpaka pale ambapo waya wa kuongezea uliolazwa kwenye tope, au friji ya jirani iliyochakaa, unapoufikisha ule waya wa pili ardhini bila mtu kujua. Tangu saa hiyo kila anayeigusa osiloskopu, miguu yake ikiwa juu ya sakafu yenye unyevu, anaifunga saketi kwa mwili wake. Kiasi kinachohitajika ili kuua si kikubwa. Miliampia moja husikika kama mwasho, miliampia kumi hadi ishirini hukaza misuli hata mtu asiweze kuachia alichokishika, na zikipita miliampia hamsini kwa sekunde kadhaa moyo unaweza kupoteza mdundo wake. Na waya wa volti 220 una uwezo wa kutoa maelfu.

Iko dalili ndogo ambayo mafundi wengi huidharau. Osiloskopu iliyochomekwa kwenye soketi isiyo na ardhi mara nyingi huuma kidogo vidole, kama mdudu, mtu akiigusa chuma chake kwa upande wa ndani wa mkono. Sababu yake ni kapasita mbili ndogo za kuchuja zilizofungwa ndani, moja kutoka kila waya wa umeme kwenda kwenye fremu, ambazo huigawa volti 220 katikati na kuiacha fremu ikielea kwenye volti zipatazo 110. Mkondo wake ni hafifu na kwa kawaida haudhuru, lakini maana yake ni wazi: chombo kinasema kwa lugha yake kwamba hakina ardhi. Anayeumwa vidole asinunue viatu vya mpira akaridhika, aitafute ardhi.

Na hapa inafaa kutaja njia ambayo vyombo hivi huifuata hata kutufikia. Mji wa Kasongo, ambao Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip, aliufanya kuwa makao yake makuu katika karne ya kumi na tisa, ulipata lugha na bidhaa zake kutoka pwani, kwa misafara iliyolivuka ziwa Tanganyika. Nasi Wamaza, watu wa pande hizi, ambao lugha hiyo tumeifanya kuwa yetu, bado twapokea bidhaa nyingi kwa upande huohuo wa mashariki. Chombo kilichonunuliwa Dubai au Dar es Salaam aghalabu huja na plagi ya miguu mitatu bapa, ya desturi ya Waingereza, ambayo haiingii katika soketi zetu za matundu ya duara, na mwenye kukinunua hununua pamoja nacho kile kiunganishi cha plastiki cha bei ndogo kinachouzwa sokoni. Kiunganishi hicho, katika namna zake nyingi, hupitisha waya mbili tu; ule mguu wa tatu huingia katika tundu tupu, hautokezi popote. Hata nyumba iliyojengewa ardhi kwa gharama hupoteza ardhi yake katika kipande hicho cha plastiki. Basi plagi ya osiloskopu na ibadilishwe yote, ifungwe plagi yenye mahali pa ardhi inayolingana na soketi ya mezani, kisha njia yote ipimwe kwa mita, kutoka gamba la mlango wa probu hadi fito iliyo ardhini.

Fito yenyewe ni ya shaba, au ya chuma kilichopakwa shaba, yenye urefu wa mita moja na nusu au mbili, iliyopigiliwa yote mahali penye unyevu wa kudumu, kama vile chini ya mchirizi wa maji ya bafu. Udongo wetu mwekundu ukikauka katika miezi ya Juni hadi Agosti hupitisha umeme kwa uchache mno, na fito iliyokuwa njema wakati wa masika huweza kuwa pambo tu wakati wa kiangazi. Watu wengi wakiisha kupigilia fito huona wamemaliza, na kumbe hawajamaliza. Tuseme fito ina ukinzani wa omu 50, ambao si mbaya kwa fito moja: volti 220 zikipita hapo zitatoa mkondo wa ampia 4.4 tu, na fyuzi ya ampia 10 itautazama mkondo huo mchana kutwa bila kukatika, ilhali mkondo huo unatosha kuua watu wengi. Kwa hiyo fito haina budi kuwa na mwenzake, nayo ni disjonkta nyeti ya miliampia 30, ile inayolinganisha mkondo unaotoka na mkondo unaorudi na kukata mara tu inapoona tofauti. Disjonkta hiyo nayo haina kazi juu ya jenereta ambayo waya zake zote mbili zinaelea, kwa sababu mkondo uliopotea hauna njia ya kurudia. Ili ifanye kazi, waya mmoja wa jenereta lazima uungwe na fremu yake na fito, kabla ya disjonkta. Kazi hiyo na ifanywe na fundi wa umeme anayeijua mashine hiyo hasa, maana ziko jenereta ambazo tayari zimeungwa ndani, na ziko ambazo nyuzi zake zimepangwa kwa namna nyingine. Kwa inveta ndogo za bei rahisi muungano wa namna hiyo usifanywe kamwe, kwa sababu nitakayoieleza.

Ardhi ikiisha kupatikana, kifaa cha pili cha lazima ni transfoma ya kutenganisha, yenye nyuzi mbili zisizogusana, ambayo huingiza volti 220 na kutoa volti 220. Wapo wanaoichukua transfoma hii wakaichomeka osiloskopu ndani yake, wakidhani wamejilinda. Hao wameigeuza dawa kuwa sumu, kwa sababu wameinyima osiloskopu ardhi yake na kuirudisha katika hali ileile ya ukimya niliyoieleza. Kinachochomekwa katika transfoma ni kifaa kinachotengenezwa. Osiloskopu inabaki na ardhi yake. Kifaa kikiisha kutenganishwa hivyo, saketi yake haina uhusiano tena na ardhi, na fundi anaweza kukiweka kibanio kwenye upande hasi wa ile kapasita kubwa bila mlipuko. Ila ajue kwamba tangu hapo amekwisha kuipa saketi ardhi kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba akiushika upande chanya atapigwa na volti 310 kama vile hakuna transfoma, na ile disjonkta ya miliampia 30, iliyo nyuma ya transfoma, haitaona kitu. Kibanio ni kimoja, mahali pamoja. Kibanio cha probu ya pili kama hakina mahali palepale pa kukaa, kiondolewe au kifungwe kwa gundi ya karatasi.

Transfoma ya namna hii haipatikani kwa urahisi, na katika kuitafuta kuna mtego. Transfoma nyingi zinazouzwa za kugeuza volti 220 kuwa 110, pamoja na vidhibiti vya volti vinavyowekwa kwenye friji na televisheni, zina uzi mmoja tu uliotobolewa kati, hazitenganishi kitu. Pima kwa omu kati ya waya wa kuingia na waya wa kutoka: mita ikisoma namba yoyote ndogo, hiyo si ya kutenganisha, hata muuzaji akiapa. Aliyekosa kabisa anaweza kuchukua transfoma mbili za jinsi moja, kila moja ya volti 220 kwa 24, akaziunga mgongo kwa mgongo, upande wa 24 na upande wa 24. Zitatoa volti pungufu kidogo ya 220 na nguvu kidogo, lakini kwa chaja, dikoda au televisheni ndogo zinatosha. Kati ya ukuta na transfoma na iwekwe balbu ya zamani, ile ya waya unaowaka, ya wati 60 au 100, kwa mfuatano na mzigo. Ya wati 100 haiwezi kupitisha zaidi ya nusu ampia hata saketi ikiwa imeungana ndani. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki inawaka, fundi amekwisha kujua kwamba kuna mahali pamekufa, naye hakupoteza transista hata moja kulijua hilo. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii.

Kuhusu probu sitasema mengi, isipokuwa mambo mawili ambayo kila siku husahauliwa. Umeme wa volti 220 wa jina una kilele cha volti 311, na kutoka kilele cha juu hadi cha chini ni volti 622. Mlango wa osiloskopu nyingi, kama ulivyoandikwa pembeni yake, huvumilia volti 300 au 400 tu za kilele. Probu yenye kitufe cha kuchagua kati ya moja na kumi, ikiachwa kwenye moja, huupeleka umeme wote mlangoni, na uwezo wake wenyewe katika hali hiyo ni mdogo kuliko ilivyo kwenye kumi. Kitufe kile kidogo huteleza chenyewe mfukoni. Kitazamwe kila mara, au kifungwe kwenye kumi kwa gundi. Jambo la pili ni kwamba chombo ambacho kipimo chake kikubwa ni volti 5 kwa kila mraba, pamoja na probu ya kumi, kinaonyesha volti 400 tu katika miraba minane ya kioo, na mawimbi ya ukutani hukatwa vichwa. Fundi akakisia yaliyokatwa. Probu ya mia kwa moja, yenye uwezo wa volti 1,500 au 2,000, huondoa udhia wote huo, na ni ya bei nafuu.

Sasa inveta. Hiki ndicho chombo kinachowapa mafundi wetu kazi nyingi, kwa kuwa pasipo gridi paneli za jua na betri ndizo mhimili wa nyumba nyingi, na ndicho chombo kinachodanganya kuliko vyote. Upande mmoja kuna betri ya volti 12, ambayo mtu huishika kwa mikono miwili bila kusikia lolote. Upande wa pili kuna volti 220 zenye uwezo wote wa kuua. Na katika inveta ndogo za bei rahisi, zile ambazo wimbi lake si la mviringo bali la ngazi ngazi, pande hizo mbili pengine hazikutenganishwa kama mtu anavyodhani. Waya zote mbili za kutokea hushikwa na transista nne zilizo juu ya njia ya volti 300 na zaidi, na upande hasi wa njia hiyo mara nyingine umeungwa na fremu, au na hasi ya betri. Kwa inveta ya namna hiyo hakuna nyutro. Waya zote mbili ni za moto kwa zamu, na anayeunga mmoja na ardhi, kwa fito au kwa kibanio cha osiloskopu, huziua zile transista nne kwa pigo moja. Fundi anayepima upande wa betri kwa probu ya kwanza, kibanio kikiwa kwenye hasi ya betri, kisha akaona ni wasaa wa kuutazama na upande wa 220 kwa probu ya pili, kibanio chake kikiwa kwenye mmojawapo wa waya za kutokea, amekwisha kuviunga viwili hivyo kwa waya mnene wa ndani ya osiloskopu yake mwenyewe.

Njia ya salama kwa kazi hiyo, na pia kwa kutazama wimbi la jenereta lenyewe, ni kutotumia kibanio kabisa. Probu mbili, zote kwenye kumi au zote za mia, zinawekwa ncha zake juu ya waya mbili, moja kwa kila waya. Vibanio vinaondolewa, au vinaungwa kimoja kwa kingine bila kugusa kitu chochote. Milango yote miwili inawekwa kwenye kipimo kimoja. Kisha chombo kinaamriwa kuutoa mlango wa pili katika ule wa kwanza. Picha itakayopatikana si safi kabisa, kwa maana probu mbili hazilingani kwa ukamilifu, lakini kwa kujua kama jenereta inazunguka mara 50 kwa sekunde, yaani wimbi moja kwa kila milisekunde 20, na kama wimbi limepinda, limepasuka au limekatwa kichwa, inatosha. Mwenye fedha zaidi atanunua probu ya tofauti, iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa. Ile ya Micsig iitwayo DP10013, mathalan, imekadiriwa kwa volti 1,300.

Mtu asidanganywe na osiloskopu za mkononi zenye betri ndani. Iko tofauti kubwa kati ya zile zilizojengwa kwa ajili ya umeme wa ukutani, kama vile ScopeMeter za Fluke za jamii ya 190, ambazo milango yake imefunikwa kwa plastiki na kutenganishwa yenyewe kwa yenyewe, na vile vichombo vya bei ndogo ambavyo tundu lake la probu ni chuma kitupu. Hivi vya pili, kwa kuwa havina plagi, haviwezi kuleta mlipuko wa ardhi. Lakini kibanio kikiwa juu ya waya wa moto, lile tundu la chuma ni la moto, na tundu la chaja ni la moto, na mwenye kukishika mkononi ameushika waya wa moto. Chombo cha namna hiyo na kilazwe juu ya mbao kavu, kisiguswe wakati umeme umewaka, wala kisichajiwe wakati kinapima. Na osiloskopu za kuchomekwa kwenye kompyuta zisikaribishwe kabisa kwenye upande wa 220, kwa sababu kibanio chake kinafika katika kompyuta yenyewe na kwa mtu aliyeweka vidole juu yake.

Imebaki adabu ya mikono. Probu huwekwa wakati umeme umezimwa, si wakati umewaka. Umeme hufunguliwa, fundi hutazama mikono yake ikiwa mbali, kisha umeme hufungwa kabla probu haijahamishwa. Kazi huenda polepole kwa njia hii, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kabla ya kugusa, kapasita kubwa na iondolewe umeme wake: ile ya mikrofaradi 220 iliyojaa volti 310 ina juli zipatazo kumi, ambazo zinatosha kumrusha mtu mkono hadi kwenye kitu kingine kibaya zaidi. Wengi huiunganisha kwa bisibisi, ikapiga mlio na kuacha doa jeusi. Hiyo huivunja kapasita na wakati mwingine daiodi pia. Resista ya kilo-omu 10, ya wati 5, yenye waya mbili ndefu zilizofunikwa vema, huimaliza kwa sekunde zipatazo kumi na moja. Ipe ishirini, kisha hakikisha kwa mita. Pete na saa ya chuma zivuliwe. Mkono mmoja ukifanya kazi, wa pili uwe nyuma. Asifanye mtu kazi hii peke yake usiku baada ya watu kulala. Awepo kijana mmoja, hata asiyejua ufundi, aliyeonyeshwa swichi ya kuzima jenereta iko wapi, na aliyeambiwa kwamba fundi akinaswa asimshike bali azime kwanza, kisha, akimkuta hapumui, amlaze chali na kukandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka, mara mia moja au mia moja na ishirini kwa dakika, bila kukoma, mpaka apumue au msaada ufike.

Wengi huuliza ni osiloskopu ipi inunuliwe, ya megahezi 100 au ya 200. Kwa umeme wa ukutani, kwa inveta na kwa chaja swali hilo halina uzito, maana mawimbi yanayotafutwa hapo ni ya mizunguko 50, au ya kilohezi makumi na mamia machache, na chombo cha megahezi 20 kinayaona vizuri. Aliyekwisha kuweka akiba ya chombo kikubwa na achukue kidogo, na fedha inayobaki ainunulie, kwa mpango huu: fito na disjonkta kwanza, kisha transfoma ya kutenganisha, kisha probu mbili za mia kwa moja, na probu ya tofauti mwakani, biashara ikiruhusu.